Guangzhou haijulikani kwa kuongozwa mkono

Siku hizi ni nadra kuingia katika chumba cha walimu, hasa katika shule za mijini, usimkute mtu aliyewahi kwenda Uchina, au mwenye ndugu aliyekwenda, au anayepanga kwenda. Wengine hupelekwa kwa mafunzo ya muda mfupi. Wengine hufuata ufadhili wa masomo ya juu. Wengine nao, kwa kuwa mishahara yetu ni kama ijulikanavyo, huenda wakati wa likizo kununua nguo na vifaa vya simu ili wauze wakirudi. Wote hawa nawapongeza, maana kutembea ni kuona. Hata hivyo, kuna jambo moja linalonikera katika masimulizi yao. Ukimuuliza aliyerudi aliona nini, atakutajia majumba marefu na atakuonyesha picha ya mnara unaowaka rangi mbalimbali usiku. Ukizidi kumdadisi alivyotoka mahali hadi mahali katika mji wenye mamilioni ya watu, atakujibu kwa maneno matatu: "Tulikuwa na mtu wetu."

Huyo "mtu wetu" ndiye ninayetaka kumjadili leo. Aghalabu ni Mkenya mwenzetu au Mwafrika wa nchi nyingine aliyekaa huko miaka kadhaa akajua vichochoro na maneno machache ya Kichina. Hukulaki uwanja wa ndege, hukutafutia chumba, hukupeleka dukani, hukusemea kwa muuzaji, na mwisho wa safari hukurudisha uwanjani. Sisemi kwamba watu hawa wote ni walaghai, hasha. Wapo wema waliowaokoa wengi. Ninalosema ni kuwa mtu mzima, tena mwalimu, anayekaa siku kumi katika mji mkubwa wa kigeni bila kununua tikiti moja kwa mkono wake, hajautembelea mji huo. Amesafirishwa kama mzigo, na mzigo haujui njia uliyopitishwa.

Nimeichagua Guangzhou kwa sababu ndiyo lango la Wakenya wengi. Ndege ya shirika letu la taifa huenda huko kutoka Nairobi. Maonyesho makubwa ya biashara ya mji huo, yaliyoanzishwa mwaka 1957, bado hufanywa mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani, na wafanyabiashara wetu hawayakosi. Tangu 1757 hadi 1842 biashara ya baharini baina ya Uchina na nchi za Ulaya ilipitishwa katika bandari hiyo, ambayo Wazungu waliiita Canton. Sisi wenyewe hatukuwa wageni kabisa wa bidhaa za huko. Vipande vya vyombo vya kaure vya Kichina vimefukuliwa Gedi na sehemu nyingi za mwambao wetu, na mnamo 1415 mfalme Yongle alipelekewa twiga kutoka Malindi. Si ajabu basi kwamba leo tunakwenda kwa maelfu. Ajabu ni kwamba twiga yule, aliyevushwa bahari akiwa amefungwa kamba, alisafiri kwa namna isiyotofautiana sana na tunavyosafiri sisi.

Kuhusu kufika, sitakawia. Mkenya anahitaji viza kabla ya kuondoka, na ile ya utalii huitwa L. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mkobani, si sandukuni. Saa za Uchina zimetangulia zetu kwa saa tano, na nchi nzima, licha ya ukubwa wake, hufuata saa moja tu. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kuwa sheria ya nchi hiyo humtaka mgeni aandikishwe kwa polisi katika muda wa saa 24 tangu afike. Akilala hotelini, karani wa hoteli humfanyia hilo kwa pasipoti yake. Akilala kwa rafiki, au katika kile chumba alichotafutiwa na "mtu wetu", ni wajibu wake au wa mwenyeji wake kuhakikisha ameandikishwa. Wako walioelezwa kuwa hilo si neno, wakaja kujua kuwa ni neno walipotakiwa kulipa faini.

Anayekwenda kutalii, asiyefuata bidhaa, aepuke majuma ya maonyesho, ambayo huwa kati ya Aprili na Mei na kati ya Oktoba na Novemba. Bei ya vyumba wakati huo hupaa, na mji hujaa wanunuzi wa dunia nzima.

Sasa tufike uwanjani. Uwanja wa Baiyun uko yapata kilomita 28 kaskazini ya kitovu cha mji. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, alitozwa na mwenyeji wake yuan 400 kutoka hapo hadi mtaa wa Xiaobei, na akatoa shukrani kwa kuwa alikuwa mchovu na hakujua lugha. Yuan moja ni kama shilingi 18 zetu, basi mwenye kutaka na apige hesabu, kama alivyokuja kuipiga yeye baadaye. Chini ya uwanja huo huo, hatua chache kutoka mahali aliposimama na masanduku yake, ipo stesheni ya reli ya chini kwa chini. Mstari wa 3 huanzia hapo. Ukifika Jiahewanggang unabadili kuingia Mstari wa 2. Ukifika stesheni kuu ya zamani ya reli unabadili tena kuingia Mstari wa 5, na kituo kinachofuata ndicho Xiaobei. Nauli ya safari hiyo yote haifiki hata sehemu ya ishirini ya alizolipa.

Nitaieleza reli hiyo kwa kirefu kidogo, maana woga mwingi hutokana na kutojua. Mashine ya tikiti ina kitufe cha kubadili lugha hadi Kiingereza. Unagusa mstari, unagusa kituo uendacho, mashine inakuonyesha nauli, unatia pesa, na inakutolea kidude cha mviringo cha plastiki, mfano wa kishikizo kikubwa cha koti. Hicho ndicho tikiti. Unakigusisha langoni unapoingia, na unakitumbukiza katika tundu unapotoka. Nauli huanzia yuan mbili na huongezeka kwa umbali. Kabla ya lango, mkoba wako hupitishwa katika mashine ya ukaguzi kama ile ya uwanja wa ndege. Usinune, kila mtu hupitishwa. Ndani ya gari, vituo hutangazwa kwa Kimandarini, kwa Kikantoni ambacho ndicho lugha ya wenyeji wa asili, na kwa Kiingereza. Majina ya vituo huandikwa kwa herufi za Kichina na chini yake kwa herufi hizi zetu. Milango ya kutokea kila kituo hupewa herufi, A, B, C na kuendelea. Mtu akikuambia mkutane kituo fulani bila kukutajia herufi ya mlango, hajakuambia kitu, kwani mlango A na mlango D huweza kuwa pande mbili za barabara isiyovukika.

Ole wake atakayejaribu kubadili gari kituo cha Tiyu Xilu saa mbili za asubuhi! Nimesimama hapo nikaona umati ukipangwa na askari kwa vizuizi, watu wakisogea hatua moja moja, na bado hakuna aliyepiga kelele wala kuvutana. Nilikumbuka kituo cha matatu cha hapa kwetu siku ya mvua, lakini nilinyamaza.

Ama kuhusu lugha, ningependa walimu wenzangu wanisikilize vizuri. Tunawatisha wanafunzi kwa kuwaambia kuwa Kichina hakisomeki. Mtalii hahitaji kusoma gazeti. Anahitaji mlango wa kuingilia, na mlango huo, kwa maoni yangu, ni maneno manne: *dong* ni mashariki, *nan* ni kusini, *xi* ni magharibi, na *bei* ni kaskazini. Ukiyajua hayo, mji unaanza kujieleza. Beijing ni mji mkuu wa kaskazini, na Nanjing ni mji mkuu wa kusini. Jimbo la Guangdong ni Guang ya mashariki, na jirani yake Guangxi ni Guang ya magharibi. Xiaobei, mtaa wa Waafrika, maana yake ni kaskazini dogo. Na Tiyu Xilu, pale penye msongamano, ni barabara ya magharibi ya michezo. Kwa hiyo mwenye akili atajua kuwa ng'ambo ya pili lazima pawe na Tiyu Donglu, na kweli ipo. Mswahili hapaswi kuliona hili kuwa geni. Kaskazini na kusini yetu imetokana na pepo mbili, kaskazi na kusi, zilizoleta na kurudisha majahazi. Sisi pia tulizipanga pande za dunia kwa mambo tuliyoyaishi.

Herufi za Kilatini zinazoandika Kichina, ambazo huitwa *pinyin* na zilianza kutumiwa rasmi mwaka 1958, nazo zina sheria chache tu. X husomwa karibu na sh yetu, q karibu na ch, na zh karibu na j. Kwa hivyo ni "Guangjou", si "Guangzu" kama tunavyosikia katika redio. Kuhusu toni, ambazo humtesa Mzungu, mimi huona kuwa wanafunzi wetu wengi wana bahati. Kiswahili hakina toni, lakini Kikuyu kinazo, na Dholuo kinazo. Mtoto aliyelelewa katika lugha hizo tayari anajua kuwa neno moja likipandishwa au kushushwa sauti huwa neno jingine. Akiambiwa kwamba *ma* ya Kichina huweza kuwa mama, katani, farasi au kukemea, hatashangaa hata kidogo. Lakini ni mwalimu yupi amewahi kumwambia kuwa lugha ya nyanyake ni mtaji wa kujifunzia Kichina?

Fedha si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Wachina hulipia karibu kila kitu, hata viazi vitamu vya kuchoma vya barabarani, kwa simu: muuzaji hukuonyesha kijiraba cha alama nyeusi na nyeupe, simu inakisoma, na malipo yamekwisha. Mkenya, ambaye amekuwa akitumia M-Pesa tangu 2007, ndiye mgeni ambaye angestahili kushangazwa kidogo zaidi na mambo hayo. Programu za Alipay na WeChat sasa hukubali kadi za benki za kigeni, ila uziunganishe na kadi yako ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki yako itakutumia ujumbe wa kuthibitisha katika laini yako ya Kenya. Beba pia noti kidogo. Kisheria muuzaji hapaswi kuzikataa, ingawa huenda akakosa chenji.

Mtandao ndio utakaokusumbua. Google, WhatsApp na Facebook zimezuiwa Uchina, na ramani uliyoizoea haitakusaidia. Pakua ramani ya huko kabla ya safari, na chukua kadi ya hoteli yenye anwani kwa maandishi ya Kichina. Dereva wa teksi hatajua "Garden Hotel" wala "White Cloud", lakini ukimpa kadi hiyo ataisoma na kuondoka bila neno. Hii kadi ndogo ina thamani kuliko kamusi.

Nitoe na tahadhari moja ya uhai. Magari ya Uchina hupita upande wa kulia, kinyume cha yetu. Macho yetu yamefunzwa tangu utotoni kutazama kulia kwanza, na huko kifo hutoka kushoto. Baya zaidi ni pikipiki za umeme. Hazina mlio. Hupita kandokando ya barabara, na mara nyingine hupanda mahali pa waendao kwa miguu, na huitambui mpaka imekugusa kiwiko.

Mtu aliyejikomboa kwa hayo machache anaweza sasa kwenda apendako, wala si lazima aanze na mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600, ambao utauona utake usitake. Mimi ningemshauri mwalimu aanze na jengo la ukoo wa Chen, lenye kituo chake katika Mstari wa 1. Lilikamilika mwaka 1894. Watu wa ukoo huo kutoka wilaya nyingi za jimbo walichanga fedha wakalijenga ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya dola wapate pa kufikia. Kila ukingo wa paa umechongwa sanamu za hadithi za kale, na kila nguzo ina maua na ndege wa kuchongwa. Miaka 11 tu baadaye, mnamo 1905, mitihani hiyo iliyodumu zaidi ya miaka 1,000 ilifutwa, na jengo likabaki na uzuri wake bila kazi yake ya awali. Leo ni makumbusho ya sanaa za jadi. Nilikaa uani pale muda mrefu, nikawaza juu ya harambee zetu, na juu ya jamii nzima inayochangia karo ya mtoto mmoja ili awe jina lake mjini, na juu ya mitihani yetu ambayo tumeibadilisha mara ngapi sijui katika umri wangu wa kufundisha. Basi la watalii husimama hapo dakika 40.

Kutoka hapo ni kituo kimoja tu hadi Ximenkou, uende kwa miguu hadi msikiti wa Huaisheng wenye mnara mweupe mnyofu usiofanana na minara ya kisasa. Masimulizi ya Waislamu wa huko yanasema ulianzishwa na Sa'd ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi hawayakubali hayo, lakini hakuna anayekanusha kwamba Waarabu na Waajemi walikuwa na makazi mjini hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakifuata pepo zile zile zilizowaleta kwetu. Mwanafunzi Mwislamu kutoka Lamu au Mombasa asihofu chakula. Mikahawa midogo ya tambi za nyama ya ng'ombe, inayomilikiwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi ya Uchina, imetapakaa kila mtaa, na neno "halal" limeandikwa mlangoni kwa Kiarabu. Huo ni usomi mwingine wa madrasa ambao hakujua ungemfaa huko.

Mwingine atapenda kisiwa kidogo cha Shamian, ambako Waingereza na Wafaransa walijitengea makao katika karne ya 19, na majumba yao bado yamesimama chini ya miti mikubwa. Au atapanda mashua ya abiria ya Mto Lulu kwa yuan chache, akiwa na wazee wanaorudi sokoni, na aachane na meli za watalii zenye taa na bei ya juu. Au aingie asubuhi katika nyumba ya chai. Wenyeji hukaa humo saa nyingi na vikapu vidogo vya maandazi ya mvuke. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, mzee mmoja mezani alicheka hadi akakohoa, kisha akanisogezea kikapu chake.

Sasa wapo watakaoniambia kuwa nimeupaka mji huu rangi nzuri kupita kiasi. Watanikumbusha Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ambapo Waafrika wengi, Wakenya wakiwamo, walifukuzwa katika nyumba na hoteli za Guangzhou, wengine wakalala barabarani na masanduku yao, ilhali walikuwa wamelipa kodi na hawakuwa wagonjwa. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kulalamika. Serikali ya Uchina ilijibu kwamba huwatendea wageni wote sawa, jibu ambalo picha tulizoziona halikuzifuta. Sijasahau, wala sishauri mtu asahau. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani haonekani ila ametofautika, na sijui mji mwingine ambapo methali hiyo hugeuka kinyume kwa rangi na kubaki kweli kwa maana kama huo. Utatazamwa. Huenda abiria aliye kando yako akaondoka kitini. Huenda pia mtoto akaja kukushika nywele, na mama yake akaomba picha. Siku moja yanaweza kukufika yote mawili.

Lakini tujiulize kwa haki: ni nani aliyepata taabu zaidi katika siku zile za 2020? Pamoja na kwamba hakuna aliyesalimika kwa elimu peke yake, waliojua kusoma tangazo la mtaa, kumpigia simu afisa na kutaja anwani yao kwa Kichina walikuwa na pa kuanzia. Wale waliotegemea "mtu wetu" walimkuta naye amefungiwa. Hoja yangu si kwamba dhuluma huondolewa na ramani. Ni kwamba anayejua mahali alipo hawezi kudhulumiwa kwa urahisi ule ule.

Kuna sababu nyingine, na hii inatuhusu hata sisi tusioondoka. Sehemu ya kwanza ya reli ya chini ya Guangzhou ilifunguliwa Juni 1997. Kabla ya hapo mji huo haukuwa na hata kilomita moja. Ulikuwa na baiskeli na mabasi yaliyojaa. Leo una zaidi ya kilomita 600. Mnamo Februari 2010 ukafungua njia ya mabasi ya kasi yenye urefu wa kilomita 22 hivi katika barabara ya Zhongshan, mabasi yakiwa na njia yao katikati na vituo vyao vyenye paa. Wachina hao hao ndio waliotujengea barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012 na ina hadi safu nane za magari, bila kutenga hata moja kwa mabasi. Kampuni ya Kichina ndiyo iliyojenga barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27, iliyozinduliwa 2022, ambayo mwenye gari hulipa na kupaa huku anayekwenda kazini kwa miguu akivuta vumbi chini yake. Reli ya SGR ilipofunguliwa 2017, abiria alishushwa Miritini, nje ya mji, akaachiwa matatu na teksi. Stesheni ya Guangzhou Kusini nayo iko nje ya mji, huko Panyu, lakini unashuka kwa ngazi kutoka treni ya mwendo wa kasi hadi reli ya chini bila kuloa mvua.

Wengi wetu hulaumu Wachina kwa hayo. Mimi siwalaumu. Fundi hujenga alichoagizwa. Nani aliyeagiza? Ni viongozi wetu na makatibu wao waliozuru miji hiyo mara nyingi, wakapokewa uwanjani kwa magari meusi, wakapitishwa katika barabara za juu kutoka hoteli hadi mkutanoni, na wakarudi wakiamini kwamba maendeleo ya Uchina ni barabara za juu. Nao walikuwa na "mtu wao". Laiti mmoja wao angalisukumwa Tiyu Xilu asubuhi moja tu, huenda angalirudi na agizo jingine.

Mwaka 2019 Taasisi ya Kukuza Mitaala ilitangaza kuwa Kimandarini kingeingizwa katika shule zetu kuanzia 2020, na kelele zikapigwa kwamba tunatawaliwa upya. Sikuziunga mkono kelele hizo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na Taasisi ya Confucius tangu 2005, na Wachina wenyewe walianza kufundisha Kiswahili mjini Beijing tangu miaka ya mwanzo ya 1960, na hadi leo wapo Wachina wanaotangaza redioni kwa Kiswahili kinachowaaibisha baadhi ya watangazaji wetu. Hatukusema kwamba walikuwa wametawaliwa na Mswahili. Walikuwa wanajifunza njia. Lililonitia shaka ni kufundisha lugha bila mji wake: orodha ya maneno ya darasani, nyimbo za kupokelea wageni, na cheti.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakuu wa shule na vyuo wanaopanga safari za likizo. Siku ya pili baada ya kuwasili, basi la kukodi liachwe. Wanafunzi wagawanywe wanne wanne, kila kundi lipewe yuan 60, kadi ya hoteli, na jina la mahali pamoja lililoandikwa kwa Kichina. Kundi hili liende jengo la ukoo wa Chen, lile liende Shamian, jingine livuke mto. Mwalimu abaki hotelini karibu na simu. Jioni kila kundi lieleze lilibadili gari wapi, lilitokea mlango wenye herufi gani, na nani aliyelielekeza. Na mwalimu ambaye hawezi kulala kwa wasiwasi kwa sababu hiyo aende yeye siku ya kwanza, peke yake, akarudi kabla ya saa tano za usiku, wakati magari ya reli yanapokaribia kusimama.